Wasomaji Wanauliza: Duka la Kariakoo au Wodi ya Dodoma?

SWALI: Habari zenu. Mimi ni muuguzi, nina miaka 27, niliajiriwa na halmashauri mkoani Dodoma miezi 8 iliyopita. Mchumba wangu ana duka la vitenge Kariakoo. Ananipenda, posa imepokelewa na nusu ya mahari ameshatoa. Sasa anataka niache kazi tuendeshe duka pamoja, anasema umbali unatumaliza. Mama mkubwa naye anasema kazi zipo tu, mume mwema hapatikani kila siku. Nampenda, na kazi yangu naipenda. Nifanyeje?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Dada yetu, usiandike barua ya kuacha kazi sasa hivi. Mtumishi wa umma hukaa kwenye majaribio miezi 12. Umebakiza 4 tu upate barua ya kuthibitishwa kazini. Na kama ulisoma kwa mkopo wa bodi, deni halikomi ukiacha kazi: leo linakatwa asilimia 15 ya mshahara, kesho utadaiwa huku huna mshahara.

Mweleze hayo mchumba wako ana kwa ana, si kwa meseji. Kisha upangieni umbali huu tarehe ya kwisha, maana wachumba huchoka zaidi wasipojua wanasubiri mpaka lini.

Kwanza ipatikane barua ya kuthibitishwa. Ifuate ndoa, kwa sababu uhamisho wa kumfuata mwenza huombwa kwa cheti cha ndoa, pete ya uchumba haitoshi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe siku 21 kabla, kwa hiyo msilipie ukumbi mkalisahau hilo. Baada ya hapo uombe uhamisho kupitia mkuu wako wa kazi na afisa utumishi. Wengi hukwama hapa, kwa kuwa halmashauri haitaki pengo wodini. Kubadilishana kituo hurahisisha: mtafute mapema muuguzi wa kada yako aliye Dar anayetaka Dodoma. Wapo, hasa wale ambao wenza wao walihamia huko na wizara. Weka na akiba ya lori la mizigo, kwani uhamisho ulioomba mwenyewe serikali haikulipii.

Wakati mnasubiri, treni ya SGR ipo tangu 2024. Nauli ya kawaida Dar hadi Dodoma ilianza kwa shilingi 31,000, yaani 62,000 kwenda na kurudi. Aje yeye mara moja kwa mwezi, nawe uende mara moja. Mtaonana mara 2. Ongezeni hela ya bajaji, stesheni ya Dodoma iko Mkonze, nje ya katikati ya mji. Mwone msimamizi wa wodi kabla ratiba ya zamu haijabandikwa, umwombe siku zako za mapumziko baada ya zamu za usiku ziangukie Jumapili.

Simu nazo ziangalieni saa. Saa 2 asubuhi unatoka zamu, macho mazito. Yeye ndiyo anafungua duka, mteja ameshika kitenge anauliza bei. Anakwambia "subiri kidogo", unasubiri, usingizi unakupitia simu ikiwa sikioni, naye anadhani umemnunia. Ongeeni saa 12 jioni, yeye akipiga hesabu za siku, wewe ukipiga pasi sare. Dakika 20 zinatosha.

Duka usilidharau. Ukipata likizo, kakae siku 7 kaunta, usome daftari la mauzo, ujue kodi ya fremu na madeni ya wateja. Mkiona kweli linahitaji mikono yako, mkubaliane kabla: utalipwa kiasi gani kwa mwezi, na jina lako liingie kwenye leseni. Mke anayeuza bila malipo huishia kuomba hata nauli ya kwenda kwao.

Mama mkubwa hajakosea kumsifu kijana. Mwema kiasi hicho miezi 4 ataisubiri.

SWALI: Mchumba wangu amepata ufadhili wa shahada ya uzamili Uingereza, mwaka mmoja. Tufunge ndoa haraka ili twende wote?
Msomaji, Arusha

JIBU: Kaka, ndoa ya haraka huenda isikusaidie kupata viza. Tangu Januari 2024 Uingereza hairuhusu wanafunzi wa uzamili wa kozi za darasani kwenda na wenza. Waliobaki na ruhusa hiyo ni wa kozi za utafiti na wenye ufadhili wa serikali, basi akague barua yake ya ufadhili. Kama ni wa Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, una sharti la kurudi nyumbani kwa miaka 2 baada ya masomo, habari njema kwako. Mvishe pete kabla hajapanda ndege, wazazi wa pande zote wakiwepo, na tarehe ya harusi muipange baada ya yeye kukabidhi tasnifu, ambayo kwa kozi nyingi ni Agosti au Septemba. Mkiiweka Julai atakuwa anaandika sura ya mwisho huku anachagua sare za wasimamizi.