Kama Unaolewa kwa Maslahi, Yaseme Kabla ya Ndoa

Mabinti wa hapa Ujiji wananiuliza swali moja, na mara nyingi wanaliuliza tukiwa tunachambua dagaa, macho yako chini: dada, nikikubali posa ya mtu kwa sababu ana nyumba na boti, nitakuwa nimejiuza? Nawajibu hapana. Bibi zetu waliolewa kwa ajili ya mashamba ya michikichi, kwa ajili ya ukoo, kwa ajili ya kumaliza ugomvi kati ya nyumba na nyumba, na wengi waliheshimiwa mpaka wanaingia kaburini. Mtu anayetafuta paa la kujistiri, matibabu ya mama yake au ada ya wadogo zake hajafanya kosa. Ninachokikataa kabisa ni kuingia kwenye ndoa ya maslahi huku umemwaminisha mwenzio kwamba ni mapenzi matupu.

Mimi mwenyewe niliolewa kwa maslahi. Mume wangu alikuwa mgane mwenye watoto watatu. Barua ya posa ilipofika, baba mdogo alituita barazani, sisi wawili na shangazi, akasema kila mtu aeleze anachokitaka. Yule bwana hakuzunguka. "Natafuta mama wa nyumba. Mimi usiku niko ziwani na wanangu wanalala kwa jirani. Boti ninazo mbili, lakini injini ya moja bado nadaiwa." Nami nikasema yangu: mama anaumwa miguu, nataka aishi nasi, na wadogo zangu wawili wamalize shule. Shangazi akanifinya. "Mwanangu, hayo mwanamke huyasema akishazoeleka." Baba mdogo akamjibu, "Dada, mwache. Akiyasema baadaye yataitwa ujanja."

Nimeshakuwa mtu mzima sasa, na ushauri nilionao wote umetoka kwenye jibu lile la baba mdogo.

Rafiki yangu mmoja aliolewa na mfanyabiashara wa jumla pale Mwanga, mjini Kigoma. Alichokuwa anakitafuta ni kumjengea mama yake nyumba Kasulu, jambo la heri kabisa. Hakulisema. Akawa anabana hela ya matumizi, leo bati, kesho saruji, mpaka mume akaja kuisikia habari hiyo kwa fundi. Hakumpiga wala hakumpa talaka. Alianza kupima unga. Kila asubuhi anachota kwa kopo, anaandika kwenye daftari, kisha anafunga gunia kwa kamba yenye fundo analolijua yeye peke yake. Nimekaa jikoni kwa yule mwenzangu nikaliona lile fundo, na niliumia. Mume yule alikuwa anampenda sana mama mkwe wake. Angeambiwa tangu mwanzo, nyumba ile pengine angeijenga mwenyewe, maana uwezo anao.

Kwa hiyo sema. Sema unachokitaka, na muulize anachokitaka yeye, kwa sababu naye hakuja bure. Kisha uliza madeni, na hapo usione aibu hata kidogo. Huku kwetu mtu anaweza kuonekana ana boti, nyavu na injini, kumbe injini ni ya mkopo, nyavu ni za mwenye mtaji anayechukua dagaa wote kwa bei aitakayo yeye, na hati ya kiwanja iko kwa mkopeshaji. Muulize anadaiwa na nani, analipaje, ameweka nini dhamana. Mume wangu alinitajia deni lake kabla sijamuuliza, na kusema kweli hicho ndicho kilichonifanya nimkubali, kuliko zile boti.

Jambo jingine: mtazame mtu siku ambazo hana kitu. Sisi wa ziwani tuna bahati ya pekee hapa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti samaki, boti zinapumzika kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga, na mwanaume anashinda nyumbani bila kuingiza shilingi. Mchunguze siku hizo. Anatengeneza nyavu, au anakopa ya kunywa? Akiombwa hela ya sabuni anajibu kwa sauti gani? Posa ya siku za giza, wakati mifuko imejaa, haikuonyeshi mtu.

Mwaka 2024 tulipata kipimo kikubwa zaidi ya hicho. Nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, yaani sisi Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilikubaliana ziwa lipumzishwe ili samaki wazaliane, na kwetu uvuvi ukasimama kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Miezi 3 mizima. Wanawake walioolewa na boti walibaki na mbao zilizolala mchangani. Ndoa nyingi zilitikisika mtaani kwetu, na sikushangaa. Kwetu, mume wangu aliniletea fedha iliyobaki, akaihesabu mbele yangu, akasema, "Mama, panga wewe." Nikaingia kwenye mawese: tunanunua kwa wakulima wa Simbo, nauza sokoni. Na yeye, tajiri wa boti, alikuwa anabeba madumu kwenye baiskeli mchana kweupe, anawapita wenzake wamekaa kijiweni. Mtu wa namna hiyo ukimpata, hata kama ulimfuata kwa sababu ya nyumba yake, umepata zaidi ya nyumba.

Sasa makaratasi, ambayo dada zangu wengi wanayaogopa wakidhani ni dalili ya kutoaminiana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu mke kumiliki mali kwa jina lake. Mali iliyoandikwa kwa majina yenu wawili inachukuliwa kuwa yenu kwa mafungu sawa, mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Nyumba ya ndoa mnayoishi mume haruhusiwi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa yako. Na ikitokea talaka, mahakama hugawa mliyochuma pamoja kwa kuangalia mchango wa kila mmoja. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani nazo ni mchango. Hata hivyo mchango unahitaji ushahidi, kwa hiyo risiti ya bati na saruji usiiwashie moto. Hakikisha pia anayewafungisha ndoa ana leseni ya kufungisha, na cheti ukidai mapema. Bila cheti utahangaika kuandikishwa kama mwenza kwenye bima ya afya, na siku ya mirathi utahangaika zaidi. Kwa Waislamu wenzangu, mahari ni haki yako wewe, si ya wajomba. Mimi niliomba cherehani, na mpaka leo inaniingizia.

Kaka zangu nanyi, maana siku hizi walimu na wauguzi wanaposwa kwa sababu ya mshahara. Kama unamuoa kwa sababu anakopesheka, mwambie hivyo. Namfahamu mwalimu ambaye fungate haijaisha aliwekewa fomu za mkopo mezani. Pikipiki ikaandikwa jina la mume, makato yakabaki kwenye mshahara wake yeye. Huo ni wizi.

Mtaniuliza kuhusu mapenzi. Kwetu yalikuja, taratibu, na leo mume wangu akichelewa kurudi ziwani silali. Kwa yule rafiki yangu wa Mwanga hayakuja, na sitaki kumdanganya binti yeyote kwamba yanakuja yenyewe. Ila kuna mpaka mmoja: kama mwili wako unamkataa mtu, ukisikia sauti yake unasisimka vibaya, usiende. Hakuna kiwanja kinacholipa hilo. Na kama maslahi ni ya baba yako, wewe hukuulizwa, hiyo si ndoa ninayoizungumzia hapa. Sheria ileile inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili, na unayo haki ya kusema hapana mbele ya anayefungisha ndoa.

Wengine watakwambia ukiuliza maswali haya bwana atakimbia. Wapo watakaokimbia, na ni heri wakimbie wakati bado uko kwenu. Akikasirika, usibishane naye. Mtume baba mdogo au mjomba akamuulize yaleyale, kwa adabu, kuhusu madeni, watoto wa nje na mke mwingine kama yupo. Akiwajibu wazee lakini akakataa kukujibu wewe utakayelala ndani ya nyumba hiyo, mwombe baba yako asipokee mahari kwanza.