Barua kwa Mwanangu: Kabla ya Kushuka na Mtungi

Mwanangu mpendwa,

Assalam aleikum. Sisi huku nyumbani tu wazima, na salamu zako zimetufikia. Umeniuliza mtu aliyekulia pwani, anayeweza kuzama kwa pumzi moja hadi kwenye madema ya kutegea samaki, ajiandae vipi kwa kozi ya kwanza ya kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa utakayoifanya Nungwi, kaskazini mwa Unguja, na kama inafaa ununue vifaa vyako mwenyewe. Nitakujibu nikiwa mtu aliyeshuka kwa njia zote mbili, kwa kuwa sehemu kubwa ya jibu langu imo katika tofauti ya njia hizo.

Wewe umezoea kuvuta pumzi juu, kuizuia, kushuka nayo na kurudi nayo. Hewa hiyo hubanwa na maji kadiri unavyoshuka, hata ukifika mita 10, ambako shinikizo ni mara mbili ya lile la juu, hubaki nusu ya ujazo wake. Ukirudi juu hutanuka ikawa ile ile uliyoondoka nayo. Mtu wa mtungi huvuta hewa kule kule chini, nayo humfikia ikiwa na shinikizo sawa na la maji yanayomzunguka. Akijaza mapafu akiwa katika mita 10, kisha akafunga koo na kupanda, hewa hiyo hutaka kuwa mara mbili ya ujazo wake, na kwa kuwa haina pa kutokea, huweza kuchana mapafu na kupenyeza mapovu katika damu mpaka kwenye ubongo. Hatari hiyo haingoji kina kirefu, maana hata bwawa la kujifunzia lenye mita 3 linatosha kumdhuru mtu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza utakayofundishwa ni kutozuia pumzi kamwe, na hapo ndipo vijana wetu hodari huwapa walimu kazi kuliko mgeni aliyeiona bahari jana, kwa sababu mgeni hana mazoea ya kuachishwa.

Basi katika wiki zilizobaki acha kabisa kushindana na wenzako kukaa chini ya maji. Vaa miwani ya kuzamia inayofunika na pua, pamoja na snorkeli, yaani bomba la kuvutia hewa, laza uso majini, uogelee polepole huku ukivuta pumzi ndefu na kuitoa kwa muda mrefu zaidi, mpaka uweze kufanya hivyo bila kufikiri. Kila kipumulio, yaani kifaa cha mdomoni kinachokuletea hewa ya mtungi, kitakapotoka mdomoni wakati wa mazoezi, utatakiwa kuendelea kutoa mapovu madogo madogo. Jizoeze hilo pia. Kuogelea kwenyewe hakutakushinda: kwa kawaida mwanafunzi huombwa kuogelea mita 200 bila kusimama, au mita 300 akiwa na miwani, snorkeli na mapezi ya miguuni, kisha kuelea kwa dakika 10, wala hapimwi kasi.

Jambo ambalo hukuliuliza, nami naliona kubwa, ni fomu ya afya. Utaulizwa kuhusu moyo, kifafa, kisukari, upasuaji wa masikio, dawa unazotumia, na pumu. Wewe ulikuwa na pumu utotoni, na najua utashawishika kuandika kwamba hukuwahi kuugua, kwa kuwa miaka mingi imepita. Andika ukweli, na umwone daktari mapema huko Dar es Salaam akupime mapafu kabla hujalipa fedha zote, kwa sababu njia ya hewa iliyoziba hufungia hewa ndani hata kwa mtu ambaye hakuzuia pumzi kwa makusudi. Daktari akikuruhusu, utashuka ukiwa na amani. Akikukatalia, tutakula samaki na kuzungumza mengine.

Masikio unayajua, ila mwendo wa kushuka na mtungi ni mwingine. Bana pua na kupuliza taratibu tangu ukiwa karibu na uso wa maji, na urudie kila unaposhuka kidogo, kabla maumivu hayajaanza. Yakianza, panda kidogo ujaribu tena. Ukiwa na mafua, ahirisha. Usimeze dawa ya kufungua pua ili upate kushuka, kwani nguvu yake ikiisha ungali chini, hewa iliyonaswa itakutesa wakati wa kupanda.

Kuhusu vifaa, nunua miwani peke yake. Vingine chuo kitakupa. Iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta hewa kwa pua, na ikishikilia bila kuanguka ndiyo yako. Punguza masharubu, maana hupitisha maji. Kioo kipya huja na utando wa kiwandani, hivyo kisugue kwa dawa ya meno, la sivyo kitajaa ukungu. Masomo ya nadharia yamalize kabla ya safari, kwa kuwa kozi yenyewe huchukua siku 3 au 4 tu, ikiwa na mazoezi ya bwawani na mizamo 4 ya baharini isiyozidi mita 18.

Siku zichague kwa kuangalia mwezi wa angani, jambo ambalo wauzaji wa kozi hawatakuambia. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji ya Unguja hupanda na kushuka karibu mita 4, mikondo huwa mikali na mchanga huvurugika. Omba tarehe za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, hasa kwa kuwa ndiyo mara yako ya kwanza kujifunza kuelea katikati ya maji, bila kugusa matumbawe wala kupaa.

Mwisho ni safari ya kurudi. Umesema utapanda ndege jioni ya siku ya mwisho ili uwahi kazini. Ukiwa chini mwili hufyonza naitrojeni iliyomo katika hewa unayovuta, nayo huhitaji muda kutoka, na baada ya siku kadhaa za kuzama inashauriwa kungoja angalau saa 18 kabla ya kuruka, hata kama ndege ni ile ndogo ya dakika 20. Rudi kwa boti. Mama yako anakusalimu sana, na anataka kujua daktari amesema nini kabla hujakata tiketi.

Wako akupendaye,
Baba