Mama ana kisukari, msiba ni Jumamosi, na kijiji kizima hakivai barakoa: jibu langu kutoka Moshi

Mkuu mleta mada, nimesoma uzi wako kuhusu korona, tukiwa katikati ya wimbi hili la 2021, na majibu yote hadi hapa. Kwa waliochelewa: jamaa anakaa Arusha, mama yake yuko Kibosho, ana miaka sabini na kitu na ana kisukari. Jumamosi anazikwa jirani wanayepakana naye kihamba (shamba la migomba la nyumbani). Mama amesema lazima aende. Huko kijijini barakoa haivaliwi, watu wanasalimiana kwa mikono na kukumbatiana, na jamaa akisema neno anaambiwa Arusha imemfanya mwoga. Anauliza kama ni yeye anayezidisha, na kama hazidishi, afanyeje.

Huzidishi. Mimi nauza dawa kwenye famasi hapa Moshi mjini, na sisi wa dukani huwa tunaliona wimbi kabla halijafika wodini. Kuanzia mwishoni mwa Juni watu walianza kuulizia azuma, yaani antibiotiki ya azithromycin. Kwanza mmoja mmoja, baadaye mtu anakuja na karatasi ya familia nzima: azuma, zinki, vitamini C, Panadol, dawa ya kifua. Wengine wanarudi baadaye kuuliza kama tunauza kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni. Ukiwauliza wanaumwa nini wanajibu ni mafua ya baridi, si unajua Julai ya huku. Ndiyo, najua, nimezaliwa huku. Lakini mafua ya Julai hayamfanyi kijana wa bodaboda asimame kuvuta pumzi akishapanda ngazi tatu za duka langu.

Kuna mchangiaji huko juu amesema takwimu za serikali ni ndogo, kwa hiyo tuache kutishana. Hebu tuziangalie hizo hizo. Tarehe 28 Juni 2021 Rais Samia aliwaambia wahariri kwamba wagonjwa wa korona ni zaidi ya 100 na karibu 70 kati yao wako kwenye oksijeni. Mwanzoni mwa Julai Wizara ya Afya ikataja wagonjwa 408, na 284 wako kwenye oksijeni. Mwenzangu umeona udogo wa namba, mimi nimeona uwiano. Wengi wanaopata ugonjwa huu wanaumwa kiasi na kupona nyumbani. Wanaofikia kuwekewa oksijeni ni sehemu ndogo. Sasa ukikuta saba katika kila kumi wako kwenye oksijeni, maana yake anayehesabiwa ni yule aliyefika hospitali akiwa hoi. Hawa wa azuma dukani kwangu hawamo kwenye hesabu hiyo hata mmoja. Na tukumbuke tumetoka kwenye mwaka na zaidi wa kutokuwa na namba kabisa, tangu ile 480 ya tarehe 29 Aprili 2020.

Sasa nije kwenye swali lenyewe, maana wengi wanakushauri "waelimishe". Waelimishe nini? Watu wa Kilimanjaro wanajua. Mgonjwa wa kwanza wa nchi hii alishukia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, hapa hapa Hai, tarehe 15 Machi 2020, na kesho yake Ummy Mwalimu, Waziri wa Afya wa wakati huo, akatangaza. Ndoo za maji tiririka zilisimama hadi kwenye vibanda vya chipsi. Halafu Juni tukaambiwa korona imekwisha, ndoo zikarudi jikoni. Januari na Februari 2021 ikarudi kwa jina la "changamoto ya upumuaji", na maaskofu Wakatoliki wa TEC (Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania) walikuwa wameshaandika barua Januari kuonya. Mtu aliyezika Februari huhitaji kumfundisha kwamba ugonjwa upo.

Kinachowazuia ni aibu. Msibani ukivaa barakoa unasema moja kati ya mawili: ama mimi naumwa, ama nawaona nyinyi ndio wagonjwa. Ukimkatalia mfiwa mkono, hilo litakumbukwa mpaka siku unaposa mke kwa ajili ya mwanao. Kwa hiyo watu wazima wenye akili timamu, waliozika ndugu, wanaacha barakoa mfukoni ili wasionekane wanaringa.

Ndiyo maana barakoa hapa mjini imegeuka kitambulisho cha getini. Nimeona kwenye geti la hospitali moja mtu anatoka kumwona mgonjwa, anavua, anamwazima anayeingia. Mlinzi anaangalia, anaridhika. Wapagazi na waongozaji wa mlimani wanavaa vizuri kabisa mbele ya wageni, wageni wakishaingia hotelini barakoa inashuka kidevuni, na kwenye bodaboda ya kurudi mtaani Pasua haipo tena. Siwacheki. Kampuni inadai, mgeni anadai, jirani hadai. Mtu anamvalia anayedai.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usibishane na mtu yeyote kuhusu imani yake, wewe shughulika na mpangilio wa shughuli. Mwezi uliopita tulikuwa na msiba upande wa ukoo wetu, Uru. Sisi vijana (vijana ni namna ya kusema, mimi nina mvi) tulimwendea baba mkubwa jioni, watu wakiwa bado wachache, tukakaa naye faragha. Hatukutaja korona kwanza. Tulimwambia watu watakuwa wengi, sebule ni ndogo, tunaomba heshima za mwisho zitolewe uani, jeneza liwe chini ya turubai, na watu wapite wakitokea upande mmoja. Akakubali hapo hapo, tena akaona tumefikiria. Tukaomba turubai lisifungwe pembeni. Hapo akasita kwa sababu ya baridi, tukamwambia wazee watapewa blanketi. Rambirambi tukatangaza namba ya simu ili meza isizingirwe. Mchungaji tulimpigia wenyewe, akafupisha ibada, na ni yeye aliyesema "tusalimiane kwa kuinamisha kichwa". Neno hilo likitoka kwake halina dharau. Ningelisema mimi, ningeonekana nimesomea mno.

Si kila kitu kilikubali. Wazee wa mbege, pombe yetu ya ndizi, walikaa mgombani wamebanana, kata ya kunywea inazunguka kama kawaida, na hakuna aliyethubutu kuwagusa. Sikujisumbua nao sana, kwa sababu walikuwa nje na upepo unapita. Palipotushinda kweli ni ndani. Akina mama walikaa chumbani na mfiwa usiku na mchana, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi, wanaimba, wanalia, wanalala pale pale chini kwenye magodoro. Ugonjwa huu unasafiri kwenye pumzi, na kuimba kunatoa pumzi nyingi kuliko kuongea. Waliougua baada ya msiba ule, ninaowafahamu, walitoka chumba kile.

Mkuu, hapo ndipo mama yako atakapokaa. Wewe umeandika aya nzima kuhusu umati wa kaburini, lakini kaburi la huku liko kihambani, hewani, chini ya migomba. Akikaa pembeni kaburini nusu saa na barakoa yake sina wasiwasi mkubwa. Chumba cha mfiwa ndicho cha kumwepusha, na hutamwepusha kwa kumkataza. Mpe sababu asiyoionea haya. Ana kisukari, miguu inavimba, hawezi kukaa chini kwenye mkeka, anahitaji kiti na mahali pa kunyoosha miguu: basi kiti chake kinawekwa barazani. Hakuna atakayenuna, na wala si uongo. Kizuri zaidi, apelekwe kwa mfiwa mapema, Alhamisi au Ijumaa mchana kabla watu hawajajaa, ampe pole barazani, aache sukari na mchele na bahasha yake, arudi nyumbani. Jumamosi aende kaburini tu. Kijiji kitahesabu kwamba amefika mara mbili.

Barakoa mwambie avae ile ya kitambaa iliyoshonwa kwa tabaka tatu, ya kitenge, inayofanana na nguo yake. Najua inaonekana jambo la urembo. Lakini bibi aliyevaa barakoa ya kitenge amependeza, na bibi aliyevaa ile ya bluu ametoka hospitali. Ndivyo macho ya watu yalivyo.

Kuhusu dawa, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, niseme bila kuzunguka. Azuma inaua bakteria, na hiki ni kirusi. Waingereza waliijaribu kwa maelfu ya wagonjwa waliolazwa na haikuwaokoa zaidi ya wasiopewa. Kinachonitisha zaidi ni deksa, yaani dexamethasone. Watu wamesikia kwamba inaokoa wagonjwa wa korona, na ni kweli inawasaidia walio kwenye oksijeni, tena chini ya uangalizi. Kwa asiyehitaji oksijeni haina faida na inaweza kumdhuru. Na inapandisha sukari. Mtu akimletea mama yako deksa kwa huruma, kwa mgonjwa wa kisukari hiyo huruma inaweza kumpeleka hospitali kwa sukari kabla hata ya korona. Mwambie dada yako au yeyote anayekaa naye, kwa maneno hayo hayo.

Nyungu, yaani kujifukiza, siipigi vita. Ukimwambia bibi wa Kibosho aache majani ya mlimau na mkaratusi umepoteza na mengine yote uliyotaka kumwambia. Haiui kirusi, lakini watu wanasema inawafungua pua, basi. Ninachoomba ni mambo mawili: sufuria isiwe mapajani, maana nimeuza dawa za kuungua kuliko ninavyotaka kukumbuka, na kila mtu ajifukize peke yake. Familia inaingia watu watatu chini ya blanketi moja, mmoja anakohoa, na wanavuta pumzi kwa nguvu. Hapo wanaambukizana kwa bidii.

Kama una hela ya kununua kitu kimoja, nunua oksimita, hicho kifaa cha kidoleni. Ugonjwa huu una tabia mbaya: mtu anaongea vizuri, anakunywa uji, na oksijeni yake imeshashuka. Kawaida ni 95 kwenda juu. Ikikaa chini ya 94, hospitali, msisubiri asubuhi. Lakini asubuhi za Kibosho ni baridi, na kidole kikiwa cha baridi kifaa kinadanganya. Apashe mikono kwanza, akae ametulia, asubiri namba iache kuruka ndipo isomwe. Rangi ya kucha ifutwe. Nimeshapigiwa simu usiku na watu wanaolia kwa sababu ya 82, kumbe mikono ilikuwa imetoka kuosha vyombo.

Kuna aliyeandika "hofu inaua kuliko korona". Ndugu yangu, wale niliowaona wakichelewa hospitali walichelewa kwa sababu waliogopa kuitwa wagonjwa wa korona, kutengwa, na kuzikwa na watu waliovaa mavazi meupe. Kwa hiyo hofu ipo, ila si ya upande unaoufikiria wewe.

Chanjo: Rais aliizindua tarehe 28 Julai 2021, akachanjwa hadharani, na zikaanza kufika mikoani. Zilizokuja kwanza kutoka Marekani kwa COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, ni dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson, kwa nchi iliyokuwa na watu karibu milioni 60, kwa hiyo usitegemee kwamba kijiji kitachanjwa na mama yako akapona kwa kivuli chao. Yeye mwenyewe yumo kwenye makundi ya kwanza ya mpango huo wa 2021 kwa sababu mbili: amepita miaka 50 na ana ugonjwa sugu. Ni sindano moja tu. Kwenye majaribio ilizuia ugonjwa mkali kwa kiasi cha asilimia 85, siku 28 baada ya kuchomwa. Siku 28, sio kesho yake. Akichanjwa Ijumaa, Jumamosi msibani hana kinga yoyote mpya. Na wakimtisha kuhusu damu kuganda, tatizo hilo lipo lakini ni nadra sana, na huko Marekani limeonekana zaidi kwa wanawake walio chini ya miaka 50. Sukari ya mama yako mbele ya korona ni hatari kubwa kuliko hiyo kwa mbali.

Ya WhatsApp kuhusu chanjo usimjibu mama kwa WhatsApp. Mtafute mtu anayemheshimu ambaye ameshachanjwa, muuguzi wa zahanati, katekista, yeyote, aende akae naye wanywe chai.

Na wewe unayetoka Arusha: kwa umri wako na kwa namna unavyozunguka mjini, uwezekano wa wewe kumpelekea mama ugonjwa si mdogo kuliko wa kijiji kumpa. Kama una mafua yoyote wiki hii, tuma hela, usiende, na hilo ndilo gumu zaidi kulisema kwa Mchaga. Kama uko mzima, nenda, lala chumba tofauti, ongea naye barazani. Safari yenyewe ya kutoka Arusha hadi Moshi ndani ya gari lililofungwa vioo inaweza kuwa mbaya kuliko msiba wote. Wahi stendi, chukua siti ya dirishani na ulifungue kabla gari halijajaa. Likishajaa, kila mtu ana baridi, na utaambiwa ulifunge.