Franchaizi ya mgahawa wa Kiasia: pima jiko kabla ya kusaini

Umeuliza kama ada ya kuingilia kwenye franchaizi, yaani kulipa ili ufungue tawi kwa jina la kampuni nyingine, ndiyo mzigo mkubwa. Mara nyingi siyo. Kinachomeza mtaji ni jengo na jiko.

Jiko moja la kibiashara la woki (kikaango kirefu cha Kichina) linaweza kufika BTU 100,000 (kipimo cha joto) kwa saa, karibu mara kumi ya jiko la nyumbani. Ukiwa nayo manne na bomba la gesi ni jembamba, ukiyawasha yote wateja wakijaa, presha inashuka, moto unalegea, na mboga zinatoa maji badala ya kukaangika. Kwa hiyo kabla ya kusaini pango, mlete fundi wa gesi apime, na uhakikishe kuna njia ya kupitisha bomba la moshi hadi juu ya paa. Kama haipo, liache jengo hilo hata kodi ikiwa rahisi.

Kwenye mkataba, mrabaha, yaani malipo ya kutumia jina la kampuni, kwa kawaida hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Tuseme mrabaha ni 6% na matangazo 2%: ukiuza 100 ukabakiwa na 12 kabla ya ada, 8 zinaondoka, unabaki na 4. Halafu uliza bei ya sosi na tambi utakazolazimika kununua kwa kampuni hiyo, uilinganishe na ya jumla sokoni. Hapo ndipo watu wanaumia kimyakimya.

Omba pia namba za simu za waliofunga matawi yao, si za wanaofanya vizuri tu. Wakikataa kukupa, usitoe hela.