Kiatu laini cha mbio za polepole

Yakhe umeuliza kiatu cha kukimbia taratibu kila asubuhi kutoka Makadara hadi Mama Ngina hapa Mombasa bila magoti kulia, mi nakwambia usianze na jina la kampuni. Enda dukani jioni, miguu ishavimba kidogo na hili joto letu, uvae soksi zako za kukimbilia, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kina Asics Gel-Nimbus, Brooks Ghost na Hoka Clifton zote ni laini za kila siku, chagua ile mguu wenyewe inaikubali. Sasa ukiamua mitumba usidanganyike na kiatu kimeoshwa kikang'aa, ibonyeze ile sponji ya soli kwa gumba, ikiwa ngumu kama ubao au ubavuni ina mikunjo mikunjo hiyo ishakufa, kisha kiweke juu ya meza ukitazame kwa nyuma, kikilalia upande mmoja wachana nacho. Mi nlijifanya mjuaji nkanunua kimoja hivo, wiki mbili muundi wauma mpaka ngazi zanshinda! Kipya huwa chafika kilomita 500 hadi 800 hivi kabla sponji kufa. Na kikirowa jasho kianike kivulini, jua la huku labandua gundi.