Taa za tela zikififia, anza na ethi

Jana msomaji mmoja kaniandikia kuhusu tela lake: akikanyaga breki usiku taa ndogo za nyuma zinafifia, akiwasha indiketa ya kushoto taa zote zinapepesa. Balbu ameshabadilisha mara mbili. Nimeumia, maana miaka minne iliyopita nilikuwa yeye.

Langu ni la ekseli moja, nililichomelesha Morogoro nibebee vitunguu. Fundi wa kwanza alibadilisha balbu. Wa pili akabadilisha flasha, kile kifaa kinachofanya indiketa zipepese. Wa tatu aling'oa waya zote akavuta mpya, na hela aliyonitoza inaniuma mpaka leo, kwa sababu taa zilibaki vilevile. Usiku mmoja karibu na Gairo basi lilitukwepa limeshatufikia kabisa. Dereva simlaumu, hakutuona. Mke wangu alikuwa kiti cha mbele, na hatukusemeshana mpaka tumefika.

Kesho yake nililala chini ya tela mwenyewe. Waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye betri, haukuwepo! Wote watatu waliuachia umeme urudi kupitia pale tela linapong'ata gari, penye grisi na kutu. Balbu ya breki ni wati 21, ya taa ndogo wati 5. Njia ya kurudi ikiziba, umeme wa breki unajipenyeza kwenye balbu za jirani, ndipo taa zinaanza kuingiliana.

Nilivuta waya mweupe wa milimita 2.5 za mraba kutoka pini namba 3 ya plagi hadi kwenye kila taa, na tawi moja kwenye chesisi, nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa ndipo nikafunga bolti. Taa zikatulia. Wiki iliyopita nimekwenda Dodoma usiku, sikuwa na wasiwasi hata mara moja.

Ndugu zangu, msikubali tela lisilo na waya wake wa ethi. Kwenye plagi ya pini 7 ya volti 12, njano namba 1 ni indiketa ya kushoto, kijani namba 4 ya kulia, nyekundu namba 6 ni breki. Ila rangi msiziamini, mafundi huunga waya wowote walio nao. Pima kwa taa ya majaribio. Narudia: ethi kwanza, balbu baadaye.

Na wewe uliyeniandikia, usinunue balbu nyingine. Chukua waya mrefu, upande mmoja ushike hasi ya betri ya gari, mwingine uguse ethi ya taa yenyewe, huku mtu amekanyaga breki. Zikitulia, umeshalipata tatizo.