Miezi Kumi na Minne na Mguu wa Kito

Jumamosi farasi wangu Kito, aliyeumia mguu miezi kumi na minne iliyopita, alikimbia. Mizunguko miwili tu ya uwanja, mwendo wa pole, kisha akarudi bila kuchechemea. Nikashuka, nikaupapasa mguu wake wa mbele wa kushoto kutoka gotini hadi kwenye kifundo. Hauna joto. Nililia mbele ya masaisi wote, wala sioni haya kusema.

Wiki hiyohiyo msomaji kutoka Naivasha aliniandikia: farasi wake alivimba nyuma ya mguu, amepumzika wiki tatu, uvimbe umepungua. Je, ampande? Ndugu yangu, usimpande.

Kito alishindana uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, kabla sijamnunua. Farasi wa mbio kama yeye hufika karibu kilo 500, na chini ya goti hana misuli. Kuna mifupa, ngozi, na kano, zile kamba za nyuzi zinazounganisha misuli na mifupa. Daktari alipoleta mashine ya altrasaundi alinionyesha doa jeusi katikati ya kano, mahali nyuzi zilipokatika. Akasema huenda tukamaliza mwaka. Mimi moyoni nikajiwekea miezi mitatu.

Mwanzoni nilifanya yote. Maji baridi ya mpira dakika 20, mara tatu kwa siku. Bandeji miguu yote miwili ya mbele, maana ule mzima ndio unaobebeshwa mzigo. Oti nikaziondoa, nikambakishia nyasi kavu za boma Rhodes, kwa sababu farasi aliyefungiwa bandani akila chakula cha kazi hupandwa na wazimu, akarukaruka na kujiumiza upya.

Wiki ya kumi alikuwa anatembea vizuri kabisa. Rafiki yangu mmoja akanisukuma: amepona huyu, unamdekeza. Nikamtandika, nikampanda saa nzima. Usiku mguu ukawaka moto. Skani ya pili ilionyesha doa kubwa kuliko la kwanza.

Kosa ni langu, mimi ndiye niliyefunga tandiko. Lakini rafiki yule hakurudi hata kumtazama, na wapo walioniambia nimpige risasi niache kupoteza pesa. Walionicheka nawakumbuka mmoja mmoja. Jumamosi nilitamani wawepo.

Sikilizeni, wenye farasi. Maumivu huisha mapema, kano bado. Uvimbe ukipungua, ndani nyuzi mpya ni changa, hazijajipanga, hazijui kuvutwa. Safari ya pili nilimtembeza kwa kamba dakika 10 kwa siku, nikaongeza dakika 5 kila wiki, na sikumpandisha hatua yoyote kabla ya skani. Subirini. Mnyama hana mdomo wa kukwambia bado, na wewe uliyemchukua umebeba amana.

Tena msiusahau mguu mzima. Barbaro, farasi bingwa wa Kentucky Derby ya 2006, mbio kubwa za Marekani, alivunjika mguu wa nyuma wa kulia wiki mbili baada ya ushindi ule. Mfupa ulitengenezwa, lakini ugonjwa wa kwato ukaingia kwenye miguu mingine, na Januari 2007 ikabidi alazwe asiamke. Tangu nilipoijua habari hiyo, kila asubuhi nashika kwato zote nne za Kito kutafuta joto.

Wa Naivasha, mwite daktari aje na mashine kwanza, halafu niandikie alichokiona. Mimi naenda kufungua mpira wa maji. Kito bado ana dakika zake 20 za jioni.